Mkono Unaorudisha

Nyumba ilikuwako, chumba hakikuwako. Hilo ndilo la kwanza kulijua mtu anapoingia nchi ile, maana wageni wengi hupoteza muda wakitafuta mlango wa ndani. Mlango wa ndani haupo. Upo ukuta mmoja unaozunguka, na ndani yake watu wote na vitu vyote vimewekwa pamoja, wanaopika, wanaozaliwa na wanaogombana, na katikati yao umelala Uzi. Humo ndimo lilimoandikwa kila jambo la nyumba, jinsi ya kupika na jinsi ya kugombana, na lau ungeunyoosha ungeizidi nyumba kwa urefu mara elfu. Sasa niambieni, kitu kinachoizidi nyumba mara elfu hukaaje ndani ya nyumba? Hukaa kwa kukunjwa. Na kukunjwa ni kazi ya mtu, kwani hakuna kinachojikunja chenyewe isipokuwa nyoka na mwenye njaa.

Saa ya nchi ile ni adhuhuri. Inasemekana asubuhi iliwahi kuwako, ila hakuna aliyeiona na akakumbuka rangi yake. Adhuhuri huja, hulegea kidogo, kisha huja nyingine. Nyingi hupita bure. Lakini Uzi ukisha kujinakili, ukawa Nyuzi mbili zilizolaliana, basi adhuhuri inayofuata, kivuli kikishaingia chini ya nyayo, nyumba hujigawa. Ukuta hujikunyata kiunoni, pande zote kwa pamoja, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba, mpaka nyumba moja iwe mbili. Kila mtu hutoka wawili, mmoja huku na mmoja kule, na hakuna anayejua yupi ndiye yule wa mwanzo; kuuliza ni utovu wa adabu. Uzi mmoja sharti uvutwe huku na wa pili kule kabla ukuta haujafika. Zikibaki zimenasana katikati, ukuta hauna subira, hukata. Nyumba iliyokatiwa Uzi husahau kwanza nyimbo, halafu majina, halafu kuvuta pumzi.

Na mtu akiwa katikati? Aliye katikati hagawanyiki.

Faki alikaa ukingoni mwa kitanda cha kamba, na ilikuwa adhuhuri ya saba tangu ukuta umchukue dada yake. Watu walimpa pole kwa maneno ya nchi ile. Walisema, "Amekwenda na upande." Maana yake yuko nyumba ya pili, ile iliyojitenga ikaenda zake, anakula na kucheka huko. Ni maneno mazuri, na Faki aliyaitikia kwa kichwa kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuyakataa. Lakini yeye aliona. Aliona ukuta ulipofunga, na upande huu likabaki pindo la kanga yake limeshikwa na ukuta, shubiri moja, mpaka leo linaning'inia pale na watoto wamekatazwa kuligusa.

Siku, alisema moyoni, maana dada yake aliitwa Sikudhani na yeye tangu udogoni alilikata jina lile akalibakiza Siku. Siku, huku niliko mimi hupo. Huko aliko Faki wa pili, hupo vilevile. Sisi wawili tunakulilia, na hata kulia kwetu hakukutani.

Kazi yake Faki, na ya dada yake, ilikuwa kuunda mfano wa Fimbo. Fimbo ndicho chombo cha kuukunja Uzi. Zile za zamani walizoachiwa na waliotangulia zilikuwa zimekwisha, moja moja, kwa kutumika, na kutengeneza mpya kulitaka mfano. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona Fimbo ilivyo. Ni nyembamba kiasi kwamba mwanga wenyewe hupita kando bila kujikwaa. Kilichobaki ni orodha ya herufi zake, elfu na mia nne na ushei, zimepangwa mstari mmoja, na mstari haukuambii kitu umbo lake likoje. Ni sawa na kupewa majina ya watu wote wa mtaa halafu ukaambiwa uchore nyumba zao.

Sikudhani ndiye aliyeona njia. Orodha ile ilikuwa imenakiliwa vizazi na vizazi, na kila mnakili alikosea kidogo, maana binadamu ni binadamu. Wenzake walizitupa nakala zenye makosa. Yeye aliziokota, akazitandaza sakafuni kwenye Karakana ya Mifano, akatambaa juu yake kwa magoti adhuhuri baada ya adhuhuri, mpaka akagundua kuwa makosa yale hayakuwa ya ovyo. Palipobadilika herufi ya mia tatu, ya mia nane nayo ilibadilika. Ya mia tatu ikirudi, ya mia nane inarudi.

"Hawa wawili wanagusana," alimwambia kaka yake.

"Umejuaje, na hujawaona?"

"Kaka, mama akiumwa jino, nani anashika shavu?"

Faki alifikiri. "Mimi."

"Basi."

Kwa njia hiyo, jirani kwa jirani, umbo likajitokeza. Kumbe Fimbo haikuwa fimbo. Ilikuwa mikono miwili, imeungwa huku kwa bawaba, na kule kila mkono una kichwa chake. Mikono mirefu yenye kiwiko katikati, imelazwa ubavu kwa ubavu, imebanana mpaka kwa mbali ikaonekana kitu kimoja kilichonyooka. Punje ya moto ikitiwa baina ya vile vichwa viwili, mikono huachana. Fimbo huwa pete. Uzi hupita ndani ya pete, pete hufunga, na mkunjo mmoja umepatikana. Kisha mwingine, kisha mwingine. Sikudhani alipolielewa hilo alikaa kitako sakafuni akalia, na Faki alipomuuliza kulikoni alisema hakuna kitu, ila tu hakujua kwamba kukunja maana yake ni kukumbatia mara nyingi.

Akaunda mfano. Vichwa alivichonga kwa mti, na mikono aliisokota kwa usumba, maana mama yao, Bi Mize, alikuwa msokota kamba, na nyuzi za makumbi zilijaa kwao kila pembe. Bi Mize aliyafukia makumbi topeni, akayafukua yakinuka, akayaponda kwa gongo, akatoa usumba, akasokota. Wanawe wawili walijifunza kwake kabla hawajajifunza kutembea vizuri. Na somo lenyewe lilikuwa moja, Bi Mize akilirudia mpaka likachosha: mkono wa kulia hupeleka, wa kushoto hurudisha. Kila kijikamba kisokotwe peke yake kuelekea kulia. Lakini viwili vikikutanishwa, vikumbatiane kuelekea kushoto. Vikienda vyote upande mmoja, kamba itaonekana nzuri, itang'aa, na siku utakayoihitaji itakuwa ngumu kama kijiti au itafumuka yote mkononi. Kinachoishika kamba ni ule ubishi wa kwenda na kurudi.

Sasa, Sikudhani alikuwa mashoto. Kazini ilikuwa neema, maana mkono wake wa kurudisha ulikuwa na nguvu kuliko wa mtu yeyote. Kwenye sinia ilikuwa aibu. Katika lugha ya nyumba ile mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Na kulia ni kutoa machozi pia. Neno moja limejaaliwa milango mitatu. Kushoto hakukupewa kitu. Mkono wa kushoto hauli, haupokei, hausalimii, una kazi yake moja chooni na kazi hiyo haitajwi. Mtoto alipokuwa akiupeleka kwenye wali, Bi Mize aliupiga kofi. Kofi liliposhindwa, alichukua kipande cha kamba aliyoisokota mwenyewe akaufunga mkono ule kwenye tendegu la kitanda muda wote wa kula. Samaki mkunje angali mbichi, walimwambia majirani, naye alikunja. Mtoto alijifunza kula kwa kulia, polepole, wali ukimwagika, mkono wa pili umefungwa nyuma yake kama mwizi.

Nani aliyeuhukumu mkono ule? Faki alijiuliza swali hili adhuhuri zote saba. Haikuwa sheria iliyoandikwa. Aliupekua Uzi wote, kipande kwa kipande, na hakuiona mahali popote. Hapakuwa na mfalme aliyeitangaza. Ilikuwa imekaa tu katika viganja vya akina mama, ikihama kutoka kofi hadi kofi, na hakuna hata mmoja aliyeipiga kwa chuki. Pengine ndivyo mamlaka makubwa yalivyo, aliwaza. Hayana mwenyewe. Ukitaka kuyapinga huoni wa kumpiga, unamwona mama yako tu, ameshika kamba, naye anakupenda.

Mfano ulipokamilika wakampelekea Mkuu wa Karakana, Bwana Vuai. Huyu hakuwa mtu mbaya, na nawaomba mnaonisikiliza msimfanye mbaya kwa ajili ya kurahisisha mambo. Alikuwa mtu wa kunyoosha. Akiona mkeka umekwenda upande aliunyoosha, akiona kofia ya mwenzake imekaa vibaya aliinyoosha, mwenye kofia akishukuru asishukuru. Aliuchukua mfano, akaupitisha vidoleni, akasita.

"Mbona mikono hii imesokotwa kishoto?"

"Vijikamba vyenyewe ni vya kulia, bwana," alisema Sikudhani. "Ni kukumbatiana kwao ndiko kunakokwenda kushoto. Herufi zinasema hivyo. Kila baada ya saba kuna mbili zinazotafutana, na ili zionane lazima—"

"Nasikia. Lakini kitu hiki kinakwenda kuushika Uzi. Uzi, binti yangu! Unataka tuuguse kwa kushoto?"

"Uzi haujui kushoto ni nini."

"Sisi tunajua." Akamgeukia Faki, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Mwanangu, mwenzio ana kipaji, lakini unajua alivyo. Mkono wake unamponza. Kausokote upya, ukae vizuri. Kazi yote iende kulia. Ukiuleta umenyooka, tutaupitisha leo leo."

Faki alitaka upitishwe. Hicho ndicho kisa chote, na hakuna namna ya kukipamba. Hakutaka jina, hakutaka cheo. Alitaka kuona kazi ya dada yake inapita, na alichoka kumwona akirudishwa kila mara kwa sababu ya mkono. Alijiambia ni jambo dogo. Alijiambia umbo ni lile lile. Na hali alijua, maana mtoto wa Bi Mize hawezi kutojua! Aliichukua ile mikono akakaa pembeni, akaifumua, akaisokota upya yote kulia, na usumba ukang'aa, na wakati wote vidole vyake vilikuwa vikimwambia ukweli kama vile ulimi unavyojua chumvi imezidi. Sikudhani alimtazama. Faki alipomaliza, alisema neno moja tu.

"Kaka, hata wewe?"

Ukapitishwa. Fimbo mpya zikatengenezwa kwa mfano ule, mia kadhaa, zimenyooka ajabu. Na Mgawanyiko ulipokuja, kivuli kilipoingia chini ya nyayo, punje za moto zikatiwa baina ya vichwa, na mikono haikuachana. Fimbo zilibaki fimbo. Zililala juu ya Uzi kama kuni, hazikuukumbatia. Ukuta ukaanza kusogea na Nyuzi mbili bado zimelaliana kiunoni, na watu wakarudi nyuma, kila mtu upande wake, isipokuwa mmoja. Sikudhani aliingia katikati akaanza kuzitenganisha kwa mikono. Alivuta mmoja huku kwa kulia, mmoja kule kwa kushoto, akipeleka na kurudisha, akipeleka na kurudisha, alivyofundishwa. Alimaliza. Nyumba zote mbili ziko hai kwa sababu alimaliza. Kisha akageuka akaona nafasi iliyobaki ni ya mkono tu, akautoa mkono wake wa kushoto, uliokuwa karibu. Faki alikuwa karibu pia. Akatoa wa kulia.

Jaribuni nyinyi kwa nyinyi. Mtu akikukabili akakupa kushoto nawe ukampa kulia, viganja havipokeani. Vidole gumba vinakwenda upande mmoja, vidole vingine vinakosa pa kushika. Ni nukta moja tu ya kuparazana, na ukitaka kubadilisha unahitaji nukta ya pili, na nukta ya pili haikuwako.

*

"Faki."

Aliinua kichwa. Bwana Vuai alisimama mbele ya kitanda, na nyuma yake watu wa Karakana, na wengine waliofuata kwa hofu. Bi Mize alikuwa amekaa chini akiponda makumbi. Hakusimamisha gongo lake.

"Uzi umekwisha kujinakili," alisema Bwana Vuai. "Kivuli kiko kwenye vidole vya miguu. Tuna muda wa mfano mmoja, na wa kutengeneza Fimbo chache. Tunakuhitaji."

"Mna mfano."

"Ule wa marehemu—" akasita, neno lile halikuwa la kutumika. "Ule wa mwenzio ulitukosesha. Sisemi kwa kumvunjia heshima. Alijitahidi, lakini aliukosea, na wewe unajua tulivyomwonya. Sasa uunde wako."

Watu waliitikia kwa kuguna. Faki aligundua kuwa walikuwa wakilisema hilo kwa siku zote hizi, kwa sauti ndogo, kwenye visima na kwenye meko: Fimbo ya Sikudhani ilitaka kutuua. Wakishukuru kwamba aliwaokoa, wakimsamehe kwamba aliwaponza. Gongo la mama yake lilikuwa likipiga, paa, paa, na mama naye alikuwa ameyasikia maneno yale, kwa hakika alikuwa ameyasikia, na alikuwa akiyameza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa kifo kilikuwa kimemuumbua mwingine, na mficha maradhi amekaa kitandani anapewa pole.

Siku, ningeweza kunyamaza. Ningeunda mfano wako ule ule, wa kushoto, nikasema ni wangu. Ungefanya kazi. Wangeniita fundi. Nyumba ingepona na wewe ungebaki aliyekosea, na hakuna ambaye angejua isipokuwa vidole vyangu.

Alisimama.

"Hakukosea," alisema. "Mfano wake ulikuwa sawa. Ulikwenda kulia kisha ukarudi kushoto, kama kamba ya mama. Mimi ndiye niliyeufumua. Niliusokota wote kulia ili upite, na nilijua. Bwana Vuai aliniambia nifanye, lakini yeye hajui kamba. Mimi najua. Nilijua nikiwa nafanya. Fimbo iliyokataa kuwa pete ni yangu."

Gongo likanyamaza.

Mkono wa Bwana Vuai ulikwenda kwenye kofia yake mwenyewe, iliyokaa sawasawa, ukainyoosha. Alionekana mzee ghafla. "Lakini niliuliza tu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake. "Niliuliza tu mbona kishoto."

Wote walikuwa wakimtazama Bi Mize.

Yeye alikaa vile vile, miguu ameinyoosha mbele, usumba mapajani. Alimtazama mwanawe, na Faki alitamani apigwe, atukanwe, afukuzwe, chochote chenye mwisho.

"Njoo ukae," alisema Bi Mize. "Sokota."

Alikaa. Alisokota vijikamba kulia, vilitoka vizuri. Lakini alipovikutanisha avirudishe kushoto, mkono wake wa kulia ulitangulia. Alifumua, akaanza tena, ukatangulia tena. Mkono ulikuwa umejifunza woga, na woga ukishajifunzwa na mkono, akili haina la kusema. Mara ya tatu. Mara ya nne. Kivuli kilikuwa kimefika kwenye nyayo za Bwana Vuai, na mtu mmoja akaanza kuomba dua kwa sauti.

Bi Mize aliinuka. Alikwenda kwenye kasha, akachakura chini kabisa, akatoa kipande cha kamba kikuukuu, kimelainika kwa jasho la zamani, kina fundo ambalo halikufunguliwa miaka mingi, na tundu la fundo lile lilikuwa dogo, la kifundo cha mkono wa mtoto. Faki alikitambua. Hata Bwana Vuai, ambaye hakukijua, alitazama pembeni.

"Kazini niliuacha," alisema mama. "Kwenye sinia nikaufunga. Mkono mmoja, mtoto mmoja. Niliona mambo mawili hayo hayana ugomvi." Alilifungua fundo kwa meno. "Leta mkono."

"Mama—"

"Wa kulia. Leta."

Akaufunga kwenye tendegu la kitanda, akaukaza. Akakaa upande wake, akaushika usumba kwa kulia kwake mwenyewe, na Faki akausokota kwa kushoto, mkono usiozoea kuongoza, wenye vidole kama vya mtoto anayejifunza. Mama alipeleka, mwana akarudisha. Ilikuwa kamba mbaya, ina mabonde na milima, lakini ilikumbatiana, na ubishi ule wa kwenda na kurudi ukaingia ndani yake ukakaa. Walipovitia vichwa na bawaba, mfano uliinama kiwikoni wenyewe, taratibu, kama mtu anayepumzika.

Mengine mnaweza kuyabashiri. Fimbo zilitengenezwa, chache na za haraka. Kivuli kiliingia chini ya nyayo. Punje za moto zikatiwa, na mikono ikaachana. Fimbo zikawa pete, Uzi ukapita ndani, mkunjo baada ya mkunjo, nusu ikivutwa huku na nusu kule bila kelele, mpaka kiuno cha nyumba kikabaki kitupu kabisa. Palikuwa na nafasi kubwa mno pale. Mtu angeweza kusimama katikati na asiguswe na kitu, akazungumza, akatoka kwa miguu yake. Faki aliitazama nafasi ile mpaka ukuta ulipoifunga. Ilikuwa kubwa vya kutosha dada yake kupita humo mara kumi, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, kwamba lilikuwa jambo jepesi.

Nyumba ya pili ilijitenga ikaenda. Ilikwenda na Faki wake na Bi Mize wake na tendegu lake. Pindo la kanga sijui lilibaki upande gani. Hapa nilipo silioni.

Watu wakashangilia. Bwana Vuai aliusogelea mfano, akaugusa kwa kidole, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunyoosha kitu. "Chanda chema huvikwa pete," alisema. "Tuuandike jina gani?"

"Jina lake," alisema Faki.

Kikaletwa chakula, maana baada ya Mgawanyiko watu hula pamoja, wali na samaki katika sinia moja. Mkono wa Faki wa kulia ulikuwa bado kwenye tendegu. Majirani walisahau. Mama naye alisahau, au alidhani mwanawe angejifungua mwenyewe, na yeye hakutaka kufunguliwa. Sinia likawekwa mbele yao. Alikuwa na njaa, njaa ya adhuhuri saba. Akapeleka mkono aliokuwa nao.

Kofi lilitua kabla mtu hajaona lilikotoka. Lilikuwa kofi jepesi, la haraka, la mama aliyekwisha kulipiga mara elfu bila kuinua macho kutoka kwa samaki anayemchambua. Na ulimi wake ukatamka kile ulichozoea kutamka baada ya kofi lile.

"Sikudhani!"

Wali ulimwagika juu ya mkeka. Watu wakaacha kutafuna. Bi Mize aliinua macho akauona mkono ulivyo, mkubwa, wenye nywele, usio wa mtoto wake wa kike, umesita juu ya sinia. Akautazama. Kisha akaushika kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni, akasema tena, polepole safari hii, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kama alikuwa akimwita mwanawe au akimwomba radhi.

"Sikudhani," alisema. "Sikudhani. Sikudhani."